SOMO: Jinsi ya kutafuta maziwa madogo yenye wolai hapa Minnesota (soma kabla hujanitumia PM)

Wakuu, salamu. Kila mwaka Mei ikikaribia PM yangu inajaa swali moja: "Kaka, ziwa gani lina wolai, lisiwe mbali na lisijae watu?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika kwa kirefu, na atakayeuliza tena nitambandikia uzi huu.

Kwa wageni: wolai (kwa Kiingereza Walleye) ndiye samaki rasmi wa jimbo hili tangu 1965. Nyama nyeupe, haina shombo kali, miiba michache, na ukimmulika usiku macho yake yanawaka kama ya paka. Wengi wetu tukisikia habari zake tunakimbilia Mille Lacs, Leech au Lake of the Woods. Hayo ni maziwa mazuri, sibishi. Ila kule upepo ukichafuka na wewe huna boti kubwa, siku yako imeishia kwenye maegesho. Ziwa la ekari 200 unalimudu kwa kayaki, au kwa boti ya bati ya kuazima.

Kitu kimoja lazima kieleweke kwanza. Kwenye maziwa makubwa wolai wanazaliana wenyewe, kwa sababu kuna kokoto na mawe yanayopigwa na mawimbi, au mito ya kupanda kwenda kutaga. Maziwa madogo mengi hayana mazingira hayo. Wolai waliomo wamewekwa na mkono wa binadamu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta maji, tafuta kumbukumbu za nani aliwekwa pale, lini, na akiwa na ukubwa gani.

Hatua ya 1. Leseni. Kuanzia miaka 16 ni lazima. Inanunuliwa mtandaoni.

Hatua ya 2. Fungua LakeFinder, tovuti ya idara ya maliasili ya jimbo (DNR). Ni bure. Chagua kaunti yako.

Hatua ya 3. Ondoa maziwa yasiyo na njia ya umma ya kufikia maji. Kukatiza uwanja wa mtu ili ufike ziwani ni kutafuta kesi. Mimi huanza na ya ekari 100 hadi 500.

Hatua ya 4. Jedwali la kupandikiza vifaranga (Fish Stocking). Hapa ndipo watu wanapopotea, na mimi nilipotea pia. Niliona ziwa limewekewa wolai 350,000 kwa mwaka mmoja, nikajaza mafuta nikaenda, nikarudi na shingo iliyoungua jua. Sikuwa nimesoma safu ya ukubwa.

Isome hivi. Mbele ya jina Walleye kuna ukubwa. Ukiona *fry*, hao ni vifaranga wa siku chache tangu kuanguliwa, ukubwa wa mbu. Laki tatu na nusu wanaweza kuwa na uzito wa pauni chache tu. Safu ya uzito ipo hapo hapo, itazame. Wakimwagwa kwenye ziwa lenye Bluegill (samaki wadogo bapa) wengi, karibu wote wanaliwa. Ukiona *fingerling*, hao wamelelewa kwenye mabwawa kiangazi kizima, wamefika kama inchi 4 hadi 6, wakaachiwa ziwani vuli. Elfu tatu wa namna hii kwenye ziwa dogo wananipa matumaini kuliko fry laki tatu.

Kisha hesabu mbele. Wolai wa hapa anachukua takriban miaka 3 hadi 4 kufika inchi 14, yaani saizi ya kikaango. Waliowekwa vuli ya 2022 unawatafuta 2025 na 2026. Waliowekwa mwaka jana waache wakue.

Tahadhari:
- Kama mstari wa mwisho wa Walleye ni wa miaka 12 iliyopita, serikali imeshalikatia tamaa ziwa hilo. Na wewe likatie.
- Usichanganye mistari. Jedwali linaorodhesha samaki wa kila aina. Jamaa yangu alifurahia "fingerling" wa Muskellunge, samaki mwingine kabisa.
- Fry si habari mbaya kila mahali. Kusini na magharibi mwa jimbo kuna maziwa ya kina kifupi, futi 7 au 8, maji ya tope. Majira ya baridi theluji ikifunika barafu, mwanga haupiti, mimea haitoi oksijeni, samaki wanakufa kwa wingi. Masika ziwa linakuwa halina wa kuwala vifaranga. Fry wakimwagwa hapo wanakua kwa kasi ya ajabu, na baada ya miaka mitatu watu wanapigana vikumbo. Halafu baridi kali nyingine inakuja na kufagia wote. Maziwa haya usiyaamini kwa kumbukumbu za zamani.

Hatua ya 5. Ripoti ya sensa ya samaki (Lake Survey). Angalia tarehe kwanza. Kwa wolai soma mstari wa gill net (wavu wa kunasa samaki kwenye matamvua): idadi ya samaki kwa kila wavu, na pembeni kiwango cha kawaida cha maziwa yanayofanana na hilo. Tuseme wavu umepata 6 na kiwango cha kawaida ni 1 hadi 5; hapo kaa macho. Kisha teremka kwenye jedwali la urefu. Ukiona safu za inchi 12–14 na 15–19 zina watu, umepata ziwa. Yale maelezo ya mwisho, Status of the Fishery, wengi hamyasomi. Yameandikwa na mtaalamu aliyeshika wavu kwa mikono yake, yasome.

Hatua ya 6. Ramani ya kina. Tafuta mahali mistari inapobanana karibu na mchanga au kokoto, na pembe za ardhi zinazoingia majini.

Hatua ya 7. Kanuni za mwaka huu, na kanuni maalumu za ziwa lenyewe. Idadi unayoruhusiwa na saizi zinabadilika, usitegemee nilichokuambia mwaka juzi. Msimu hufunguliwa Jumamosi, wiki mbili kabla ya Jumamosi ya wikiendi ya Memorial Day (sikukuu ya mwisho wa Mei), na kufungwa mwishoni mwa Februari.

Hatua ya 8. Nenda jua linapozama. Ndoana yenye kichwa cha risasi, ruba au kisamaki cha chambo, basi.

Maswali karibuni. Ila uwe umesoma.

---

Kitunguu_Saumu: Mkuu somo zuri sana. Sasa nitajie hata ziwa moja tu karibu na Brooklyn Park.

Mvuvi_wa_Baridi (mwandishi): Hatua ya 2. Andika Hennepin, ndiyo kaunti yako.

Kitunguu_Saumu: Nipo kazini mkuu, ungenisaidia tu jina.

Mvuvi_wa_Baridi: Nikitaja jina hapa leo, Jumamosi mtakuwa magari 30 kwenye maegesho ya magari 6. Sitaji.

DadaZai: Shikamoo kaka. Nimefuata hatua zako kwa ziwa moja la kaunti ya Otter Tail. Fingerling wanawekwa kila baada ya mwaka mmoja, bila kukosa. Lakini sensa inaonyesha wolai 1.1 tu kwa wavu, na wastani wa uzito ni pauni 3.4. Wachache lakini wakubwa. Wale wanaowekwa wanaenda wapi?

Mvuvi_wa_Baridi: Marahaba dada, umeuliza swali la mvuvi. Uzito mkubwa na idadi ndogo maana yake wazee wamebaki, vijana hawafiki. Fungua jedwali la urefu uone kama safu ya 12–14 iko tupu. Kisha soma mstari wa Northern Pike (samaki anayekula samaki wenzake) kwenye gill net hiyo hiyo. Ni wangapi, na wana uzito gani?

DadaZai: Safu ya 12–14 ni sifuri. Northern Pike 14 kwa wavu, wastani pauni 1.6.

Mvuvi_wa_Baridi: Basi umempata mla vifaranga. Pike wengi wadogo ni dalili mbaya kwa fingerling, na Bluegill wakiwa wengi pia kwenye trap net (wavu wa mtego) ndiyo kabisa. Ziwa hilo nenda ukitaka wolai mmoja mkubwa wa kupiga picha na kumrudisha majini. Ukitaka kitoweo, hamia la jirani. Otter Tail ina maziwa zaidi ya elfu moja, hutakosa. Linganisha matatu yenye ekari zinazokaribiana, weka tarakimu za Walleye, Pike na Bluegill kwenye karatasi moja, utaanza kuona mwenyewe. Ukikwama niandikie, wewe PM yako nitajibu.

Kitunguu_Saumu: Kwa hiyo PM za wengine hujibu?

Mvuvi_wa_Baridi: Za waliofungua LakeFinder najibu.

Jembe_la_Kahama: Nyongeza ndogo. Kila eneo lina ofisi ya uvuvi ya DNR na namba ya simu ipo wazi. Nilipiga nikauliza kama ziwa fulani lilikufa baridi iliyopita, mtaalamu akanieleza kwa upole dakika nyingi tu. Watu wanaogopa kupiga kwa sababu ya lafudhi. Pigeni, hawaumi.

Mvuvi_wa_Baridi: Hii ningeiweka kama hatua. Asante mkuu.

Mchovu_2: Mimi nilifuata haya mambo wiki iliyopita, ziwa lina kila sifa, nikakaa saa nne nzima sikupata hata mmoja. Haya masomo ya mitandaoni ni nadharia tu.

Mvuvi_wa_Baridi: Ulifika saa ngapi?

Mchovu_2: Saa sita mchana. Jua zuri, maji yanaonekana mpaka chini.

Mvuvi_wa_Baridi: Macho yale yameumbwa kwa giza. Mchana wa jua kwenye maji meupe anashuka kwenye kina au anajibanza kwenye majani. Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, hapo ndipo anapopanda kwenye futi 6 hadi 10 kula. Hatua ya 8 ina mstari mmoja tu, nao hukuusoma. Usiniite mwongo.

Mchovu_2: Sijasema mwongo mkuu, nimesema nadharia.

MamaNeema: Nina mimba na mume wangu amepania kunilisha wolai kila siku. Nimesikia kuna zebaki kwenye samaki wa maziwa haya. Ni kweli?

Mvuvi_wa_Baridi: Hongera dada. Ni kweli, na usilichukulie kirahisi. Ukurasa wa kila ziwa lililopimwa una mwongozo wa ulaji, na wajawazito na watoto chini ya miaka 15 wana kiwango chao, kikali kuliko cha mumeo. Kawaida wolai mkubwa ana zebaki nyingi kuliko mdogo, kwa sababu ameishi na kula muda mrefu. Kumkaanga hakuiondoi, ipo kwenye nyama yenyewe. Mwambie mumeo hamu ipo, lakini mwongozo kwanza, na muulize mkunga wako pia.

Jembe_la_Kahama: Na akina mama wakaazi wa Minnesota wanavua bila leseni wikiendi ya Mother's Day. Mara nyingi inaangukia kwenye ufunguzi wenyewe wa msimu.

MamaNeema: Hiyo sikuijua! Basi navua mwenyewe.

Mtoto_wa_Bandari: Kaka, huyu ni jamaa wa sangara wetu wa Ziwa Victoria? Na anapikwaje? Hapa nina nazi.

Mvuvi_wa_Baridi: Wanafanana tu, koo zao ni tofauti. Sangara anatoa minofu ya kilo na kilo, huyu ukipata wa pauni mbili umekula vizuri. Nyama yake ni laini, kwenye tui iingize mwishoni kabisa, ukichemsha sana inavurugika. Mimi napaka ndimu, chumvi na pilipili manga, nakaanga kwa mafuta mengi, ugali pembeni.

DadaZai: Mashavu msitupe. Kata kile kinofu cha mviringo nyuma ya jicho.

Mvuvi_wa_Baridi: Kweli kabisa. Na mnaopasua minofu kabla ya kurudi nyumbani, acheni kipande cha ngozi chenye magamba, inchi moja kwa moja, ili askari wa wanyamapori akikusimamisha ajue ni samaki gani.

Mpwa_wa_Madison: Sisi wa Wisconsin tunatumia nini?

Mvuvi_wa_Baridi: DNR yenu ina kurasa za maziwa pia. Wanaandika Walleye ni Present (wapo), Common (wa kawaida) au Abundant (tele). Present iruke. Ukipata jina, tafuta kumbukumbu za kupandikiza kwao, kisha fuata hatua ya 4 vile vile.

Jembe_la_Kahama: Swali dogo. Ruba wakibaki naruhusiwa kuwarudisha nyumbani? Juzi mtu kaniambia ni kosa.

Mvuvi_wa_Baridi: Ruba ruksa, maji ya ziwa ndiyo marufuku. Kabla ya kuondoka, mwaga maji yote, chomoa kizibo cha boti na ukiache wazi njiani, ng'oa majani kwenye trela. Ni kwa ajili ya kome wa zebra na wageni wengine waharibifu. Chambo wabadilishie maji, yawe ya chupa au ya bomba uliyoyatoa nyumbani. Ya bomba yaache yalale usiku mmoja klorini ipungue. Waweke kwenye friji, wanaishi wiki nyingi.

Jembe_la_Kahama: Friji hilo hilo la maziwa ya watoto?

Mvuvi_wa_Baridi: Nenda katafute kifriji cha mtumba ukaweke gereji. Na uandike juu ya kopo.