Tovuti ya kwanza: pima programu kwa kazi yako mwenyewe

Jirani yangu hapa Kinondoni anafundisha kemia sekondari. Jumamosi moja alikuja na laptopu kwapani, hata chai hajaonja, akauliza: "Fundi, nianze na WordPress au Wix?" Hizo ni programu za kutengenezea tovuti. Swali hili huniijia kila mara, na kila mara nalirudisha: unataka kuweka nini humo? Akacheka. Hakuwa amefikiria.

Mwongozo huu unafuata njia tuliyopita naye siku ile, pamoja na pale aliponifundisha mimi.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Funga laptopu. Andika kurasa unazozitaka, kwa mkono. Za mwalimu zilitoka nne: yeye ni nani, notsi za kidato cha tatu na cha nne, mitihani ya majaribio, na namna ya kumpata. Kisha weka alama kwenye kila ukurasa utakaoongezewa kitu mara kwa mara. Kama hakuna hata mmoja, yaani unataka tu wasifu na picha za kazi zako, usijitese: Google Sites au Carrd inatosha, na jioni moja umemaliza. Carrd ni ya tovuti za ukurasa mmoja, na mpango wake wa bure unaruhusu tovuti tatu.

Kama utaongeza vitu kila wiki, endelea.

Hatua ya 2: Kifaa

Utakuwa unaandikia kwenye nini, kweli? Si siku ya kwanza, bali ile Jumanne ya mwezi wa tatu, umechoka, uko kwenye daladala. Kama jibu ni simu, jaribu programu kwenye simu hiyo hiyo kabla ya kuamua. Nyingine zinapendeza kwenye laptopu, lakini kwenye simu kidole kinakosa kila kitufe.

Hatua ya 3: Punguza programu mpaka mbili

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

WordPress ni mbili zenye jina moja. Ya kwanza ni programu yenyewe, iliyotoka 2003. Unaipakua bure WordPress.org, kisha unalipia hostingi (nafasi ya kuwekea tovuti mtandaoni) mahali pengine na kuisimika huko. Masasisho, ulinzi na nakala za akiba ni juu yako. Ya pili ni WordPress.com, huduma ya kampuni ya Automattic: unajisajili kwa imeili na kuanza kuandika. Anayeanza namshauri hii ya pili. Ila ujue kwamba mafunzo mengi ya video yanahusu ile ya kwanza. Utaambiwa "sasa weka plagini hii" (programu ndogo ya nyongeza), utafute namna ya kuiweka kwenye akaunti yako ya bure usiipate, udhani umekosea. Hujakosea.

Blogger ni ya Google tangu 2003. Sura yake imezeeka kidogo, lakini usiidharau: mwanablogu Michuzi alianzia kwenye Blogspot, yaani Blogger hii hii, mwaka 2005, na nusu ya watu wa rika langu tulijifunzia huko. Kizuri chake kikubwa ni kwamba ukiwa na domeni yako (anuani ya tovuti uliyoisajili mwenyewe) unaiunganisha bila kuilipa Google chochote. WordPress.com inataka uwe kwenye mpango wa kulipia ndipo utumie domeni yako, na mpango wa bure unaweka matangazo yao kwenye kurasa zako.

Wix inavutia kuliko zote. Unakamata kitu na kukiburuta popote. Shida yake nitaieleza hatua ya 5.

Nikamwambia mwalimu, kwa kujiamini kabisa: Blogger. Tukaweka WordPress.com iwe ya kulinganishia tu.

Hatua ya 4: Jenga ukurasa mmoja wa kweli, mara mbili

Usitumie maandishi ya mfano yanayokuja na kiolezo. Chukua kazi yako yenyewe, tena ile ngumu. Mwalimu alichagua mada ya ugumu wa maji, akaanza kuchapa kwenye Blogger. Dakika ya tano akakwama: Ca(HCO₃)₂. Zile namba ndogo za chini hazina kitufe pale. Inabidi uingie upande wa HTML (msimbo unaounda ukurasa) na kuzungushia kila namba alama za <sub> na </sub>. Mimi naona jambo dogo, lakini yeye ana mada nzima ya namba hizo. Kwenye WordPress unaichagua namba, unafungua menyu ndogo ya mtindo, basi.

Pigo la pili lilikuwa mitihani, ambayo iko kwenye PDF. Blogger haipokei PDF: unaiweka Google Drive, unairuhusu ionekane na yeyote mwenye kiungo, kisha unabandika kiungo. WordPress.com inaipokea moja kwa moja, na mpango wa bure una gigabaiti 1.

Ushauri wangu wa miaka mingi ulikufa palepale mezani. Aliyeleta picha na mashairi angebaki Blogger.

Ukimaliza ukurasa, ufungue kwenye simu ya bei nafuu kuliko yako, kwa bando, si kwa Wi-Fi. Ukichelewa, mkosaji karibu kila mara ni picha. Picha ya simu ina megabaiti kadhaa. Ipitishe Squoosh, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kujisajili, upana uwe kama pikseli 1200, na uzito wake ushuke chini ya kilobaiti 200.

Hatua ya 5: Jaribu kutoka

Fanya leo, ukiwa na ukurasa mmoja tu. Kwenye WordPress nenda sehemu ya zana utafute kuhamisha. Kwenye Blogger nenda mipangilio utafute kuhifadhi nakala. Utapata faili la maandishi yako ambalo programu nyingine inaweza kulisoma. Picha hazimo ndani yake, kwa hiyo ziwe pia na folda yake kwenye kompyuta.

Wix haitoi tovuti yako nzima ukaiweke kwingine. Ukitaka kuhama unajenga upya. Kama hilo halikusumbui, itumie.

Mimi linanisumbua kwa sababu ya kilichonipata. Tovuti yangu ya kwanza ilikaa kwenye huduma moja ya bure ya kigeni. Walipofunga walitoa taarifa, ila kwa imeili niliyokuwa nimeacha kuifungua. Maandishi ya miaka miwili yakaenda hivyo.

Hatua ya 6: Domeni, ukiwa tayari

Hakuna haraka. Ukifika hapo, Tanzania kuna .me.tz na Kenya kuna .me.ke, zilizowekwa kwa ajili ya watu binafsi. Mawakala wa domeni wa hapa nyumbani wengi wanapokea malipo ya simu. La kushikilia ni moja: isajiliwe kwa jina lako na imeili yako, si ya fundi, hata fundi akiwa mimi. Nimeshapokea wateja ambao domeni yao iko kwa kijana aliyebadilisha namba.

Na kama utaweka habari na matukio, kwa Tanzania soma kwanza kanuni za maudhui mtandaoni za 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018, na marekebisho yake, yakiwamo ya 2022, uone kama unahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi.

Mwalimu hajanunua domeni. Anuani yake bado inaishia na wordpress.com, na matangazo yapo. Jumatatu aliandika anuani hiyo ubaoni, na kabla ya mapumziko mwanafunzi mmoja alikuwa ameshamwonyesha kwamba mlinganyo wa tatu haujasawazishwa. Akaurekebisha kwenye simu, palepale ofisini.