Kubuku suti ya familia Mwanza: hakikisha idadi ya watu kabla hujalipa

Nafanya kazi risepsheni kwenye hoteli hapa Mwanza. Ikifika msimu wa mahafali, harusi na likizo ya Desemba kesi inayokuja sana kaunta ni ile ile, familia imelipia suti, imefika usiku na mabegi na watoto wamelala mabegani, inaambiwa suti hii mwisho watu watatu. Inaniuma kwa sababu ni jambo la kumalizwa kwa meseji moja kabla ya safari. Juzi nimemsaidia shangazi yangu anayekuja na familia kutoka Kahama nikaona niandike yote hapa, na wengine wafaidike.

Hatua ya 1: Hesabu vichwa vyote

Wote, na dada wa kazi, na bibi, na yule mtoto wa kaka mtakayempitia Shinyanga. Kila mtoto muandikie umri atakaokuwa nao siku ya kuingia hotelini. Kichanga naye muandike.

Hatua ya 2: Jua suti ni kitu gani

Junia suti ni chumba kimoja kikubwa chenye kona ya makochi, basi. Suti kamili ina chumba cha kulala na sebule yake. Zote mara nyingi zina kitanda kimoja kikubwa, kwa hiyo hela unayoongeza unalipia nafasi ya kukaa na kupokea wageni, pengine na balkoni inayotazama ziwa. Vitanda haviongezeki. Ndiyo maana unakuta suti inachukua watu wazima wawili na mtoto mmoja, sawasawa na dabo, yaani chumba cha watu wawili, ya kawaida ya chini yake.

Hatua ya 3: Uliza idadi, ujibiwe kwa maandishi

Hapa ndipo watu wanapokwama, soma taratibu.

Kila chumba kina namba tatu na wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni watu ambao bei imewahesabu, kawaida wawili, na chai ya asubuhi ni ya hao wawili tu. Ya pili ni watu wanaoruhusiwa kulala mle ndani hata ukiongeza hela. Ya tatu ni vitanda vya ziada vinavyoweza kuingia, na hiyo inaweza kuwa sifuri. Ukiuliza tu "suti inatosha familia?" utajibiwa inatosha, maana anayejibu hajui familia yako ni watu wangapi.

Umri nao una mambo yake. Hoteli nyingi mtoto akifika miaka 12 ni mtu mzima, zingine wanaanzia chini ya hapo, na hakuna kanuni moja kwa wote. Usichukue umri wa hifadhini ukauleta hotelini, TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, mtoto ni miaka 5 mpaka 15 na chini ya 5 halipi, kwa hiyo kijana wa miaka 14 ataingia hifadhi ya kisiwa cha Saanane hapa Mwanza kama mtoto na jioni hotelini akahesabiwa mtu mzima. Chukulia baba, mama, watoto wa miaka 14, 9 na 3, pamoja na dada wa kazi. Wewe unaona wakubwa watatu na watoto watatu, sisi kwenye sistimu tunaona watu wazima wanne na watoto wawili, na hakuna suti ya kitanda kimoja itakayowapokea hao.

Ukibuku kwa app kama Booking.com jaza watoto na umri wao palepale mwanzo. Watu wanaweka watu wazima wawili ili bei ishuke, wanasema wengine tutaongea tukifika. Usifanye hivyo. Bei uliyoiona ni ya watu wawili na hoteli ina haki ya kukuongezea au kukataa waliozidi. Soma pia sehemu ya vitanda vya watoto, mara nyingi hela ya kitanda hicho haimo kwenye jumla uliyoiona, inalipwa hotelini.

Kuna anayesema si shida, watoto watalala kwenye kochi au godoro chini. Huku kandokando ya ziwa mbu wapo, na chandarua kimepimwa kitanda kikubwa, hakifiki kwenye kochi la sebuleni wala kwenye godoro. Kwa hiyo ukiulizia kitanda cha ziada ulizia na chandarua chake, na kama sebule ina feni au AC maana hoteli nyingine AC iko chumbani tu. Uliza kitanda hicho kitafunguliwa wapi pia. Nimeona kitanda cha kukunja kimefunguliwa kati ya kabati na mlango, mtu akitaka kutoka usiku lazima apande juu yake, sasa uwaze umeme umekatika na kuna moshi na watoto wako wamo ndani. Ndiyo maana meneja anakataa hata ukimpa hela, mimi namuunga mkono.

Meseji yenyewe andika hivi:

"Habari za kazi. Naomba suti usiku 2, kuingia tarehe fulani. Tuko watu wazima 3, watoto 3: miaka 14, 9 na 3. Wote wanaruhusiwa chumba kimoja? Kitanda cha ziada kipo, kina chandarua, bei gani? Chai ni ya watu wangapi? Naomba jumla yote pamoja na VAT."

Tuma WhatsApp au barua pepe. Ukipiga simu sawa, ila baada ya simu tuma meseji ya kile mlichokubaliana, kwa sababu aliyepokea simu mchana siye atakayekuwepo kaunta ukifika saa nne usiku.

Hatua ya 4: Linganisha na vyumba viwili

Mkizidi wanne achana na suti. Chukua dabo mbili zenye mlango wa ndani, sisi tunaziita konektingi, au familia rumu kama ipo. Mnapata vyoo viwili, vyandarua kwa kila mtu, chai ya watu wanne, na mara nyingi jumla haiizidi suti pamoja na vitanda vya ziada. Ila hakikisha wameandika konektingi. Wakiandika "vinavyokaribiana" unaweza kupewa vyumba vinavyotazamana koridoni, na mtoto wa miaka mitatu huwezi kumuacha ng'ambo ya koridoo.

Kama safari inaendelea Serengeti kwa geti la Ndabaka, rudia hatua ya 3 kwa lodji ya huko peke yake. Kwenye kambi, hema mara nyingi ni la watu wawili au watatu na kambi nyingine hazipokei watoto wadogo kabisa.

Hatua ya 5: Lipa advansi

Kwa lipa namba yenye jina la hoteli, sio namba binafsi ya mtu. Konfamesheni iandikwe idadi ya watu na umri wa watoto, ikija bila hivyo irudishe warekebishe.

Hatua ya 6: Siku ya kufika

Piga simu asubuhi waweke kitanda cha ziada mapema, usiku watu wa usafi wameshaondoka na stoo imefungwa. Mkifika wakubwa toeni vitambulisho, na kabla mabegi hayajapanda nenda juu ukaangalie vitanda na vyandarua.