Lichunguzeni gego la mtoto wa miaka sita

Mwanangu wa kwanza aling'olewa gego akiwa na miaka tisa. Tundu nilikuwa nikiliona tangu yuko darasa la pili, nikajua ni jino la utotoni, litatoka lenyewe. Kumbe ni la ukubwani, na likitoka halioti jingine.

Wazazi wenzangu, jueni hili: mtoto akikaribia miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utotoni huchomoza magego manne, juu na chini, kila upande. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha, ndiyo maana hayatushtui.

Mimi nauza kashata hapa Mikindani. Vipande vinavyovunjika kwenye sinia nilikuwa nikimpa mmoja mmoja kutwa nzima ili atulie. Vidogo tu, nikaona havina neno. Hapo ndipo nilipomuumiza. Wazee husema jino huliwa na mdudu, lakini si mdudu wa kuonekana. Ni bakteria walio kwenye ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi asubuhi. Wakipata sukari hutoa tindikali, nayo huyeyusha madini ya jino. Mate hulitengeneza tena, ila yanahitaji kama nusu saa au zaidi. Ukimpa kipande kingine kabla ya hapo, kazi inaanza upya.

Siku hizi mdogo wake anakula kashata yake mara moja, baada ya chakula cha mchana. Akisumbua katikati nampa korosho au karanga zisizo na sukari, na maji. Chai ya sukari ya jioni nimeifuta.

Mswaki ni asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi: punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, punje ya mbaazi kuanzia mitatu. Msugue mwenyewe mpaka afike miaka saba hivi. Gego linalochomoza liko chini kuliko wenzake, kwa hiyo ingiza mswaki kutokea shavuni, uukingamishe juu ya gego ndipo usugue. Ateme povu, asisukutue.

Kila Ijumaa nammulika kwa tochi ya simu. Doa jeupe kama chokaa bado hurudi, ukipunguza sukari na kukazana na mswaki. Likishakuwa tundu halijizibi. Mpeleke kwa daktari wa meno likazibwe kabla halijaanza kuuma. La mwanangu lilipouma, lilikuwa limeoza mpaka ndani.