Jinsi ya Kuikagua Injini ya Garratt katika Makumbusho ya Reli, Nairobi

Ukifika mbele ya injini ya mvuke namba 5918, ya aina ya Garratt, iitwayo Mount Gelai, usikimbilie chumba cha dereva. Izunguke kwanza yote, nawe utaona kwamba boila moja, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, limebebwa katikati ya mafungu mawili ya magurudumu, kila fungu likiwa na silinda zake, yaani mitungi ambamo mvuke husukuma pistoni, mpangilio ulioiwezesha injini ya tani 252 hivi kukata kona za reli yenye upana wa mita moja. Kisha inama kando ya silinda, ufuate kwa macho fimbo ya pistoni hadi kwenye magurudumu. Hatimaye tazama kioo cha kupimia maji, ambacho kwangu ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, kwani maji yakishuka chini ya paa la tanuri la moto lililo ndani ya boila, chuma hulainika na boila huweza kulipuka.