Kupunguza uzito bila kuacha wali wa nazi

Wengi hapa Tanga wakitaka kupunguza uzito huacha chai ya asubuhi. Ikifika saa 3 usiku njaa imekusanyika, na sinia moja la wali linarudisha yote. Kinachoamua ni jumla ya kalori za siku. Saa ya kula husaidia tu usifike mezani umezidiwa.

Anza na nazi. Gramu 100 za nazi iliyokunwa zina kalori kama 350, na nazi kubwa hutoa gramu 300 hadi 400. Kwa nusu kilo ya mchele tumia nusu nazi. Kamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, uiweke kando, kisha kamua chicha, yaani machujo ya nazi yaliyobaki, mara mbili kwa maji ya uvuguvugu. Tui hilo jepesi ndilo la kupikia. Maji yakikaribia kukauka, nyunyizia vijiko vitatu vya kasimile, funika, palia. Kwa kuwa imeingia mwisho, harufu yake haipotei na mvuke. Inayobaki iende kwa samaki wa kesho.

Kijiko cha chakula cha mafuta kina kalori 120, basi pima, usimimine kutoka kwenye dumu. Samaki aina ya changu mchome kwa ndimu na chumvi. Ukimkaanga, mafuta yawe yamechemka sawasawa, la sivyo atayanyonya. Sukari nayo: vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vidogo vitatu, ni karibu kalori 150 kabla hujagusa andazi.

Saa 1 asubuhi kula yai na muhogo wa kuchemsha. Mlo mkubwa uwe saa 7 mchana: kikombe kimoja na nusu cha wali, samaki, mchicha nusu sahani. Saa 1 jioni kula kidogo. Bajia za njiani zihesabu pia.

Ukipunguza kalori 500 kwa siku, tarajia takriban nusu kilo kwa wiki. Pima uzito asubuhi, ukishatoka msalani, mara tatu kwa wiki, uangalie wastani; ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) wa jana huleta chumvi inayoshika maji, na mzani hupanda bila mafuta kuongezeka. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kisukari anayetumia dawa wazungumze kwanza na mhudumu wa afya.

Uzito ukigoma wiki tatu, tia alama kwenye dumu la mafuta. Lita moja ikiisha kwa wiki kwa watu wanne, kila mmoja amekula karibu kalori 290 kwa siku za mafuta matupu.