Kabla ya Dozi, Itazame Neva: Namna ya Kukadiria Nguvu ya Dawa Zinazozuia Neva za Kujiendesha

Nafundisha wanafunzi wa utabibu hapa Mombasa. Kabla mmoja wao hajavuta atropini, inayoharakisha moyo, kwenye sindano au kuandika propranololi, inayoutuliza, humuuliza: neva unayotaka kuizuia, mojawapo ya zile zinazoendesha moyo, mishipa na matumbo bila sisi kuamua, inafanya kazi kiasi gani sasa hivi? Dawa hizi hukatiza ujumbe wa neva, na ujumbe usipopita hapana cha kukatizwa. Funga lango la kivuko cha Likoni saa tisa usiku, watakaoudhika ni wachache. Lifunge saa moja asubuhi uone. Lango ni lile lile.

Hatua ya 1: Jua neva inayokitawala kiungo

Viungo vingi hupata neva za simpathetiki (huuandaa mwili kwa bidii au hatari) na za parasimpathetiki (huutuliza), lakini mtu akiwa ametulia upande mmoja huwa na nguvu zaidi. Moyo wa kijana uliozuiwa pande zote mbili hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Ukimkuta ana mapigo 65, jua neva ya vagasi, ya parasimpathetiki, ndiyo inayomshika. Mishipa ya damu, kinyume chake, hubanwa na simpathetiki.

Heksamethoniamu, dawa ya presha ya zamani, ilizuia ganglia (vituo vya kupokezana ujumbe wa neva) za pande zote bila kubagua. Ilipanua mishipa na kushusha presha, huku ikiharakisha moyo, ikikausha mdomo, ikifunga choo na mkojo. Kila kiungo kilipoteza neva iliyokuwa ikikitawala. Ukilishika hili, madhara utayatabiri mwenyewe bila kukariri.

Hatua ya 2: Mtazame mgonjwa alivyo saa hii

Hapa usiharakishe. Mwanzo, umri: miligramu 2 za atropini humpandishia kijana mwenye afya mapigo 35 hadi 40 kwa dakika, kwa sababu vagasi yake ina nguvu. Mzee wa miaka themanini huenda asipande hivyo hata kidogo. Dawa haijaharibika; vagasi yake imepungua.

Pili, maji na damu mwilini. Mama analetwa kwa upasuaji wa kujifungua, ametapika tangu jana. Presha yake ni 110 kwa 70, na daftarini inapendeza. Mguse mikono: ya baridi. Mapigo ni 125. Presha hiyo imeshikiliwa na simpathetiki inayofanya kazi kwa nguvu zote. Ganzi ya uti wa mgongo huzima neva hizo, na presha itaporomoka kuliko ya mama aliyekunywa vizuri. Anza na dripu, mlaze akiinamia kushoto, na dawa ya kupandisha presha iwe tayari mkononi kabla ya sindano.

Tatu, joto. Jasho hutolewa na neva za simpathetiki, ila ujumbe wake huwa asetilikolini, kemikali ile ile ya parasimpathetiki ambayo atropini huizuia, kwa hiyo atropini hulikausha. Katika joto la kaskazi neva hizo hazipumziki mchana kutwa. Mtoto aliyepewa dozi ile ile ambayo isingemsumbua penye baridi anaweza kupanda homa.

Uliza pia kuhusu miraa. Huchochea kutolewa kwa noradrenalini, kemikali ya ujumbe wa simpathetiki, na mapigo unayoyahesabu huenda si ya kawaida yake.

Hatua ya 3: Tambua dawa inazuia vipi

Atropini na propranololi hugombania kipokezi (mahali kwenye seli ujumbe unapotua) na ujumbe wa neva. Ujumbe ukizidi, dawa husukumwa kando. Ndiyo sababu aliyekunywa sumu ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti, ambaye asetilikolini imemfurika, huanzishiwa miligramu 1 hadi 3 za atropini, kisha dozi huongezwa maradufu kila dakika 5 mpaka mapafu yakauke. Usiogope jumla itakayofikiwa, sikiliza mapafu.

Heksamethoniamu ni tofauti. Huingia ndani ya njia ya ioni (tundu kwenye seli ya ganglia linalopitisha chembe zenye umeme) baada ya asetilikolini kuifungua, ikaiziba. Neva ikipiga mara nyingi zaidi, njia nyingi zaidi hufunguka na kuzibwa. Hapa bidii ya neva huipa dawa nguvu.

Hatua ya 4: Pima neva ikiwa kimya, kisha ikiamka

Propranololi haimpunguzii sana mapigo aliyelala. Mpandishe ngazi ndipo utaiona. Kwa dawa za kuzuia vipokezi vya alfa (vya noradrenalini kwenye mishipa ya damu), kama prazosini na tamsulosini, mlaze mgonjwa dakika 5, pima presha, msimamishe, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Presha ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, hiyo ni hatari.

Na muulize kwa maisha yake:

“Shikamoo mzee. Ukiinuka kutoka sijida, kichwa hukuzunguka?”

“Marahaba. Huzunguka mwanangu, hasa alfajiri.”

Jibu hilo lina uzito kuliko kipimo cha mtu aliyeketi kitini. Dozi ya kwanza ya prazosini apewe usiku, akiwa anakwenda kulala. Katika Ramadhani, mpime tena alasiri, maji yakiwa yamempungua.

Hatua ya 5: Panga namna ya kuacha

Vipokezi vya beta (vya moyo, ambavyo propranololi huvizuia) vikizuiwa muda mrefu, seli huviongeza. Dawa ikikatika ghafla, neva ile ile hukuta vipokezi vingi zaidi: moyo huenda mbio, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio. Punguza dozi taratibu kwa wiki 1 hadi 2. Mwandikie kwenye kadi tarehe ya kurudi iliyo kabla ya vidonge kwisha, na umwambie anayemletea dawa nyumbani pia.