Muamala mmoja, muunganisho mmoja: kuhamisha fedha za kikoba kwa Node.js

Wakuu, habari za leo. Somo hili limetokana na kosa langu. Nilitengeneza programu ya kutunza hesabu za kikoba, na siku ya mkutano mama mmoja akakuta akiba yake imepungua shilingi 20,000 ilhali mfuko wa jamii haujaongezeka hata senti. BEGIN ya kuanzisha muamala (kundi la amri zinazofaulu zote au kufutwa zote) niliandika, COMMIT ya kuukamilisha niliandika. Kosa lilikuwa kwamba amri zote nilizipitisha kwenye `pool.query`; `pool` ni kundi la miunganisho ya hifadhidata inayosubiri kutumika. Kila amri ikachukua muunganisho wowote uliokuwa wazi, BEGIN ikaenda huku, UPDATE ikaenda kule. Nilipojaribu peke yangu nyumbani muunganisho ulikuwa uleule kila mara, kwa hiyo sikuona kasoro. Wanachama walipoingia kwa pamoja ndipo mambo yakaharibika.

Natumia hifadhidata ya PostgreSQL na maktaba ya `pg` inayoiunganisha na Node.js.

Hatua ya 1. Jedwali lijilinde lenyewe

```
CREATE TABLE akaunti (
  id integer PRIMARY KEY,
  salio integer NOT NULL CHECK (salio >= 0)
);
```

Shilingi ziwe namba kamili. Mkitumia `bigint` (aina ya namba kamili kubwa), kumbukeni `pg` huirudisha kama maandishi, na "5000" + 200 katika JavaScript ni "5000200".

Hatua ya 2. Fanksheni yenyewe

```
async function hamisha(kutoka, kwenda, kiasi) {
  if (!Number.isInteger(kiasi) || kiasi <= 0)
    throw new Error('Kiasi si sahihi');
  const mteja = await pool.connect();
  try {
    await mteja.query('BEGIN');
    const kata = await mteja.query(
      `UPDATE akaunti SET salio = salio - $1
       WHERE id = $2 AND salio >= $1`, [kiasi, kutoka]);
    if (kata.rowCount !== 1)
      throw new Error('Salio halitoshi au akaunti haipo');
    const weka = await mteja.query(
      `UPDATE akaunti SET salio = salio + $1
       WHERE id = $2`, [kiasi, kwenda]);
    if (weka.rowCount !== 1)
      throw new Error('Akaunti ya kupokea haipo');
    await mteja.query('COMMIT');
  } catch (kosa) {
    await mteja.query('ROLLBACK');
    throw kosa;
  } finally {
    mteja.release();
  }
}
```

Ule ukaguzi wa `kiasi` mwanzoni msiufute. Bila huo, mtu akituma -50000 anajiongezea salio kwa kumkata mwenzake.

Hatua ya 3. Hakikisheni kila `await` ipo

`await` ndiyo inayoiambia programu isubiri jibu. Hapa ndipo wengi tunaumia. Ukisahau `await` kwenye COMMIT, fanksheni inarudi na kumwambia mwanachama "imekamilika" kabla hifadhidata haijajibu. Hitilafu ikitokea baadaye haiingii kwenye `catch` yako, kwa sababu `try` imeshapita. Tangu Node.js 15, promisi (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye) iliyokataliwa bila mtu wa kuishughulikia huiangusha programu nzima, na wote waliokuwa katikati ya kazi wanaanguka nayo.

Na `release` ikae ndani ya `finally`, si kwingine. Kwa kawaida `pool` ina miunganisho 10 tu. Usiporudisha, ombi la 11 litasubiri bila kikomo, maana muda wa kusubiri haujawekwa mpaka uweke mwenyewe `connectionTimeoutMillis`. Seva itaonekana hai lakini haijibu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Mimi nagawa faida kwa wanachama 30 kwa forEach yenye async ndani, ila COMMIT inapita kabla ya wote kupata. Nakosea wapi?*

forEach haisubiri promisi, ndugu yangu. Inazianzisha zote na kuendelea na safari. Tumia `for (const m of wanachama)` na uweke `await` ndani yake.

*Kwa nini usitumie Promise.all iende haraka?*

Haitaenda haraka. Muunganisho mmoja hutekeleza amri moja baada ya nyingine, kwa hiyo zitapanga foleni tu. Ubaya zaidi, moja ikifeli Promise.all inakataa papo hapo huku nyingine zikiwa bado foleni, na PostgreSQL itazikataa kwa namba 25P02 kwa kuwa muamala umeshavunjika.

*Kaka, SMS ya uthibitisho naituma kabla ya COMMIT. Kuna shida?*

Ipo, tena kubwa. Muda wote unaosubiri mtandao wa SMS, safu za akaunti (rekodi zake kwenye jedwali) zimefungwa na muunganisho umeshikiliwa. Na ROLLBACK, amri ya kufuta muamala, hairudishi SMS iliyokwisha fika. Andika ujumbe kwenye jedwali lake ndani ya muamala huohuo, kisha kazi nyingine iusome na kuutuma baada ya COMMIT.

*Mimi napata kosa 40P01 mara mojamoja, hasa siku za marejesho.*

Hao ni wawili waliokwamishana (deadlock). Asha anamhamishia Juma wakati Juma anamhamishia Asha, kila mmoja ameshika safu anayoihitaji mwenzake. Baada ya sekunde 1 PostgreSQL hukagua na kumtoa mmoja. Baada ya BEGIN, funga akaunti zote mbili kwa mpangilio mmoja:

```
SELECT id FROM akaunti
WHERE id IN ($1, $2) ORDER BY id FOR UPDATE
```

Hata hivyo weka pia njia ya kurudia. Ukipata 40P01, ita `hamisha` upya kuanzia mwanzo, usirudie amri iliyofeli peke yake, kwa sababu muamala wote ulishafutwa.